Sinema ya Cherehani

Mpaka leo, nikishuka Kebirigo siku ya soko, hakosekani mzee wa rika langu wa kunishika mkono na kuniuliza kama ile cherehani ya Wahispania ilipona. Haulizi kwa ubaya. Anaangua kicheko, ananipigapiga begani, anaenda zake kununua tumbako. Mimi nabaki nimesimama na hasira yangu. Ningekuwa mtu wa kucheka ningecheka naye, lakini jambo hili limekataa kunichekesha tangu nikiwa na nywele nyeusi, na sasa sina nywele.

Ilikuwa miaka ya sitini ikielekea kwisha. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa suruali moja nzuri, katika misheni ya Wakatoliki iliyo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kebirigo. Padre wetu, Mzungu mzee mwenye ndevu zilizogeuka njano kwa moshi wa kiko, alikuwa amepata jenereta na mashine ya sinema, na aliamua kwamba kila mwezi watu wa kwetu wataona filamu. Nairobi kulikuwa na ofisi iliyoziazimisha filamu hizo kwa misheni na shule. Sharti lao lilikuwa moja. Filamu ilikuja ndani ya makopo ya bati pamoja na fomu arobaini za maoni ya watazamaji, na fomu hizo zilitakiwa kurudi zikiwa zimejazwa. Maoni yakiwaridhisha, mnaandikwa kwenye orodha ya kila mwezi. Yasipowaridhisha, mnarudi kutazama ukuta.

Padre alikuwa ameomba filamu ya wachunga ng'ombe wa Amerika, wale wenye bastola. Tukaletewa filamu ya Kihispania, ya mapenzi, ya kuchekesha, na maneno ya Kiingereza yameandikwa chini ya picha. Padre hakujali. "Ni safi kabisa," alisema, "hata askofu anaweza kucheka. Wewe Mwalimu utasimama kando ya shuka, utasoma Kiingereza, utawaambia watu kwa Ekegusii." Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa na kiburi cha Kiingereza changu, na sijui kama kuna kijana aliyewahi kuombwa asimame mbele ya watu wote wa kwao akakataa.

Ijumaa alasiri tuliitazama wawili peke yetu ili niijue hadithi. Fundi wa kutengeneza cherehani, kijana mwembamba mwenye masharubu, anaitwa katika nyumba ya msichana mmoja mshona nguo. Anamwona huyo msichana na ulimi unamganda. Basi anatengeneza cherehani, lakini kabla ya kuondoka analegeza skrubu moja ili aitwe tena. Anaitwa tena. Analegeza nyingine. Wiki baada ya wiki anakuja na mkoba wake wa vyuma, amejiapiza kwamba leo atasema, na kila akifungua kinywa mjomba wa msichana anaingia, au sufuria inaanguka, au mbwa anabweka. Padre alicheka mpaka akatoa miwani akafuta macho. Nami nilicheka, halafu katikati ya kicheko nikahisi joto usoni, kwa sababu nilikuwa namjua mtu wa namna hiyo. Niliipenda filamu ile. Nasema wazi niliipenda, na nilitaka kila mtu wa kwetu aipende kwa sababu ileile.

Kulikuwa na msichana. Alikuwa akisomea uuguzi katika hospitali ya misheni kule Tabaka, na kwao kulikuwa ng'ambo ya Kebirigo, ukoo mwingine, watu wasio na neno nasi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulikutana Kisii, katika hoteli iliyotazama mahali ndizi zinaposhushwa, tukanywa chai na mandazi kama watu waliokutana kwa bahati. Yeye aliniita Mwalimu, mimi nilimwita Daktari, na wote wawili tulijua tunafanya nini. Mwezi wa nne aliweka kikombe chini akasema, "Watu wa yule karani wa hapa mjini wameleta esigani mara mbili." Esigani ni mshenga wetu, mtu anayetumwa kuulizia msichana, na Tata kwetu ni baba. "Tata hajawakatalia. Amesema atajibu mwezi wa nane."

"Na mimi je?" niliuliza.

"Wewe umemleta nani?"

Sikuwa nimemleta mtu. Kumleta esigani, baba lazima amtume, na baba lazima aambiwe. Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu kuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ukishatahiriwa, wewe na baba yako hamsemi habari za wanawake, wala hamkai mahali ambapo mtu mwingine anazisema. Zikitajwa, mmoja wenu anajikohoza na kutoka. Si uadui, ni heshima, na ni haya, na vitu hivyo viwili kwetu vina jina moja. Ndiyo maana Mungu akaumba nyanya. Kijana humwambia nyanya yake, kwa sababu kati ya mjukuu na nyanya hakuna haya yoyote, na nyanya humwambia mwanawe. Njia ilikuwapo, fupi, imefagiliwa. Ilichotaka ni mimi kufungua kinywa. Nikasema nitamwambia Magokoro, nyanya yangu, mvua ikipungua. Mvua ikapungua, nikasema tumalize kwanza kupalilia chai. Chai ikapaliliwa, nikasema baada ya mitihani ya watoto.

Mwezi wa tano, aliposikia kwamba nitaifasiri filamu, alisukuma sahani ya mandazi kando. "Nitakuja," alisema. "Padre wetu wa hospitali anaijua, ametuambia kuna mahali yule mwanamume anasema yote. Nataka kuyasikia hayo maneno kwa lugha yetu, yakitoka kinywani mwako. Hata kama ni maneno ya Mhispania. Nikisikia unaweza kuyasema mbele za watu, nitamwomba Tata awaambie wale wangoje."

"Nisipoweza?"

"Mimi nasoma Kiingereza kama wewe, Mwalimu. Nitajua."

Jumapili ya kuonyesha filamu, baada ya misa na baada ya watu kula, tulifunga madirisha ya ukumbi kwa mablanketi ya bweni la wavulana. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa chini, mbele ya mabenchi. Walikuja hata Waadventista wa ng'ambo ya kilima, kwa kuwa Sabato yao ilikuwa imepita na hawakuona dhambi. Wanawake walikaa kushoto, wanaume kulia, kama kanisani. Magokoro alikuwa wa kwanza kuingia upande wa wanawake, amejifunga kitambaa kipya. Daktari alikaa karibu na dirisha la tatu, na binamu yake. Padre akavuta kamba ya jenereta, na katika ule mwanga wa kwanza uliogonga shuka nikamwona baba yangu akiingia na fimbo yake na kofia yake ya pama.

Baba yangu hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa chai yake na ng'ombe wake, asiyesema sana hata kwenye baraza. Sikutarajia atakuja. Watu wakampisha kwa heshima mpaka benchi la mbele kabisa, hatua nne kutoka niliposimama. Akaweka fimbo kati ya magoti, akatazama shuka.

Nikaanza. Mwanzo haukuwa na taabu, kwa sababu fundi ni fundi na cherehani ni cherehani. Lakini kijana alipomwona msichana kwa mara ya kwanza, muziki ukapanda, na chini ya picha pakaandikwa kwa Kiingereza kwamba hajawahi kuona uso kama ule. Nikatazama kofia ya baba. "Anasema," nikasema kwa sauti kubwa, "hajawahi kuona cherehani kama hii."

Basi nikawa nimeingia njia ile, na kila hatua ikaifanya njia ya kurudi nyuma kuwa ngumu zaidi. Alipolegeza skrubu nikasema ni fundi mlaghai. Aliposhindwa kulala, akizungukazunguka chumbani na kushika moyo, nikasema anafikiria ubovu wa ile mashine. Alipomwandikia msichana barua na kuichana, akaandika nyingine na kuichana, nikasema anatafuta vipuri. Sikuthubutu kutazama upande wa dirisha la tatu.

Halafu tukafika darini, mahali penye nguo zilizoanikwa. Nilipajua. Tangu Ijumaa nilikuwa nimeyaandaa maneno ya pale kwa Ekegusii, nimeyasema njiani peke yangu, nimeyasema bafuni, na yalikuwa mazuri, mazuri kuliko yale ya Kiingereza. Fundi akatua mkoba. Akapiga magoti kati ya mashuka meupe. Hata watoto waliokaa chini waliacha kusukumana.

"Anatafuta skrubu," nikasema. "Imeanguka."

Hapo baba yangu akasimama. Hakuharakisha. Alichukua fimbo, akapita katikati ya mabenchi, kivuli cha kofia yake kikapanda juu ya shuka na kumfunika yule msichana wa Kihispania, kisha kikashuka. Akainua blanketi la mlangoni. Jua likaingia na kufuta picha yote kwa kitambo, halafu blanketi likaanguka na picha ikarudi. Fundi alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema.

Nilijua nimemwaibisha baba mbele ya kanisa lote. Kwamba pamoja na mafumbo yangu yote ameona ni jambo gani, na ametoka kwa hasira ili kila mtu aone. Mhispania yule alizungumza kwa muda mrefu, machozi yanamtiririka, na maandishi yanapita, mstari baada ya mstari, yote niliyokuwa nimeyaandaa.

"Bado anaitafuta," nikasema.

Kutoka dirisha la tatu nilimsikia mtu akikohoa.

Filamu iliisha kwa arusi. Nikawaambia cherehani imepona, watu wanafurahi, na msichana amejishonea nguo nyeupe ili kuijaribu. Padre, ambaye Ekegusii chake kilikuwa cha kusalimia na kuungamisha tu, alipiga makofi kuliko wote.

Kisha tukatoka nje, nikawekewa meza kwenye nyasi na fomu zangu arobaini. Fomu ilikuwa na maswali manne, kwa Kiswahili na Kiingereza. Filamu ilihusu nini? Ni sehemu gani iliyokupendeza? Ni sehemu gani haikukupendeza? Ungependa kuiona tena? Waliojua kuandika walichukua zao wakaenda kukaa chini ya ua. Wengine walipanga mstari wanisimulie mimi, wote pamoja, wakwe na wakwe, baba na wana, kila mmoja akisikiliza anayesema mbele yake.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja anayeuza nguo. Alisema yule fundi ni mwizi na anamjua mwenzake pale Kisii, anayerudisha mashine na skrubu pungufu. Mzee aliyemfuata aliuliza kwa nini jambo lile halikupelekwa kwa chifu. Nikamwambia si swali, nataka maoni. Akasema ndiyo maoni. Kijana wa darasa la saba wa mwaka uliopita alisema muziki ni mzuri lakini hakuna aliyepigwa. Mwadventista mmoja, mpole sana, alitaka kujua kama fundi alipokuja mara ya tatu ilikuwa siku ya Jumamosi. Mama mwingine alisema msichana amekonda, na mjomba mtu anakunywa divai badala ya kumnunulia maziwa. Mkulima wa chai, mwenye shamba kubwa, alisema amewatazama wale watu kutoka mwanzo mpaka mwisho na hakuona hata mmoja akishika jembe, kwa hiyo haelewi wanakula nini. Babu mmoja alipendezwa na punda aliyepita barabarani, akaniomba niiandikie Nairobi kuuliza bei yake.

Na kila mmoja alipomaliza aliongeza funzo. Walizoea lori la serikali lililokuja sokoni na filamu za kupogoa chai na kuchimba vyoo, ambapo bwana wa kilimo huuliza mwishoni mmejifunza nini. Walijifunza wasinunue cherehani mkononi. Walijifunza skrubu ziwekwe ndani ya kikombe.

Niliandika, na kalamu ilikuwa inatoboa karatasi. Nilikuwa na hasira ambayo hata leo naikumbuka mkononi. Mtu ametoa moyo wake kati ya mashuka, amelia, na hawa wananiambia punda! Nilitaka mmoja tu, mmoja kati ya watu wote wale, aniambie kwamba aliona macho ya yule kijana. Niliwaona wajinga. Ndiyo, niliwaona watu wa kwetu wajinga, mimi niliyesimama mbele yao nikawaambia skrubu imeanguka.

Katika hali hiyo ndipo Daktari alipokuja mezani na fomu yake. Alikuwa ameikunja mara nne.

"Utaisoma?"

"Nimechoka na maoni," nilisema bila kuinua macho.

"Hii ni fupi."

"Iweke hapo na nyingine."

Niliona viatu vyake, vile vyeupe vya uuguzi alivyovipaka chaki. Kisha akaiweka chini ya rundo, si juu, akaondoka na binamu yake. Padre alikuwa akisafiri kwenda Nairobi alfajiri, akaja kuzitaka fomu. Nilizifunga kwa uzi wa katani jinsi zilivyo, nikampa. Nilimwona baba kando ya tangi la maji la misheni, amesimama na fimbo yake, akingoja. Nilizunguka nyuma ya kanisa ili nisipite pale.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ule nilikwenda Kisii, nikakaa katika hoteli yetu mpaka chai ikapoa. Hakuja. Mwezi uliofuata pia hakuja. Nilisema ni zamu za hospitali. Mimi ni hodari wa kutafuta sababu.

Mwezi wa nane, siku ya jua kali, ng'ombe wa mahari ya karani walipita barabara ya Kebirigo wakiswagwa na vijana wanaoimba. Niliwahesabu nikiwa dirishani mwa darasa, watoto wakisoma kwa sauti nyuma yangu. Baada ya masomo nilikwenda moja kwa moja kwa Magokoro. Alikuwa ameketi mlangoni pake akipepeta wimbi. Hasira yangu yote nilimwagia yeye, kwa kuwa ndiye pekee niliyeweza kumwagia.

"Ningemwambiaje Tata? Aliinuka akatoka mbele ya watu wote! Aliuonyesha ukumbi mzima kwamba nimemwaibisha. Baada ya hapo nani angethubutu kumletea habari ya msichana?"

Aliweka ungo chini. "Alitoka kwa nini?"

"Kwa hasira."

"Mtu mwenye hasira huenda nyumbani. Yeye alikwenda wapi?"

Nikakumbuka tangi la maji.

"Alikupisha, mume wangu," alisema, kwa jina lake la kunitania, ila safari hii hakuwa anatania. "Mtoto wa kiume amebanwa, ana maneno mdomoni na hawezi kuyasema mbele ya baba yake. Baba afanye nini? Ainuke, atoke, amwachie nyumba. Kila mtu mle ndani alielewa. Mimi niliwasikia wanawake wakisema, sasa atasema. Jioni baba yako alikuja hapa mlangoni akaniuliza, 'Mama, amesema?' Nikamwambia, 'Bado yuko kwenye cherehani.' Akashusha pumzi, akaenda kufunga ndama."

"Alijua habari za msichana?"

"Nani hamjui msichana wa Tabaka? Ile ng'ombe nyeusi yenye baka, umewahi kuona ikiuzwa, hata mwaka wa karo ya ndugu zako? Na yule mtamba? Na esigani alikuwa amekwisha kumchagua. Alikuwa anangoja useme ili nami niseme. Mimi siwezi kumpelekea jambo ambalo hukulitoa."

Nilikaa kwenye gogo. Nilimwuliza, basi wale watu walionijazia fomu nzima nzima za cherehani na punda, kama walielewa, kwa nini hawakusema.

Magokoro alinitazama kama anayemtazama mtoto wa darasa la kwanza. "Uliwapanga mstari, mama mkwe hapa, mkwe hapa, mzee na wanawe, wote watu wa chinsoni. Ulitaka wakwambie nini? Wewe ndiye uliyewapa cherehani. Wakaipokea kwa adabu."

Aliinua ungo akaendelea kupepeta, na makapi yakawa yananirukia magotini.

Ningependa kusema iliishia hapo. Mwezi wa kumi Padre aliniita ofisini. Mezani lilikuwa rundo la fomu zangu, limefungwa tena kwa uzi wangu wa katani, na barua kutoka Nairobi. Ofisi ilisikitika kwamba maoni tuliyoyatuma hayahusu filamu iliyoazimishwa. Walidhani kulitokea mchanganyiko wa makopo, labda tulionyeshwa filamu ya ufundi. Waliomba fomu zijazwe upya kwa usahihi, zote arobaini, ndipo watufikirie. Padre alikuwa amechanganyikiwa. "Mwalimu, lakini watu walicheka! Walicheka nini?"

Nilibeba rundo mpaka darasani, nikafungua uzi. Ya chini kabisa ilikuwa imekunjwa mara nne. Mwandiko wake ulikuwa wa uuguzi, wima, kama mtu anayejaza chati ya mgonjwa.

Filamu ilihusu nini? *Mtu anayejua la kusema na anaogopa.*

Ni sehemu gani iliyokupendeza? *Babako alipotoka. Nilimshukuru moyoni. Nikajua sasa utasema.*

Ni sehemu gani haikukupendeza? *Uliendelea na skrubu.*

Ungependa kuiona tena? *Ndiyo. Nitakuwa Kisii Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, si mwezi huu, mwezi huu nina zamu. Ukija na maneno yako mwenyewe hata bila Wahispania, nitamwomba Tata angoje. Usipoleta neno nitajua umesoma na umekataa.*

Nilikuwa nimekwenda. Jumamosi ya mwezi huo aliouandika nilikuwapo. Kumbe naye alikuwapo. Mwenye hoteli aliniambia baadaye kwamba msichana wa viatu vyeupe alisimama ng'ambo, penye ndizi, tangu saa tano mpaka saa nane, akitazama ndani. Nilikuwa nimeketi naangalia mlango, nangoja yeye aje kwangu, kikombe kinapoa.

Padre alitaka fomu mpya kabla ya Krismasi. Nilimsaidia. Niliwaandikia Nairobi hadithi ya kweli ya filamu ile, mara thelathini na tisa, kwa wino tofauti na miandiko tofauti, kwamba inahusu mapenzi na kwamba sehemu iliyotupendeza ni ile ya darini. Waliridhika sana, wakatuandika kwenye orodha. Ya arobaini, ile iliyokunjwa mara nne, niliwaambia imepotea.